Kompyuta Zinapofungwa Wodini: Utekaji wa Data na Usalama wa Mgonjwa

Mwishoni mwa mwaka 1989, madaktari, watafiti na watu wengine waliokuwa wakifuatilia suala la UKIMWI katika nchi nyingi walipokea kwa posta bahasha yenye diski ya kompyuta. Maandishi yake yalieleza kuwa ndani mna taarifa kuhusu ugonjwa huo, na kweli zilikuwamo: aliyeifungua aliulizwa maswali kadhaa kuhusu mwenendo wake, kisha programu ikampimia hatari yake ya kuambukizwa. Miongoni mwa wapokeaji walikuwamo watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Baada ya hapo kompyuta iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Ilipokwisha kuwashwa mara tisini hivi, majina ya mafaili yaligeuka kuwa vurugu isiyosomeka, na kwenye kioo likajitokeza dai la dola 189, zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Aliyeshtakiwa kwa kitendo hicho, Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Harvard, aliyewahi kufanya utafiti wa nyani Afrika Mashariki. Mahakama ya Uingereza ilimwona hana utimamu wa akili wa kuweza kusimama kizimbani. Fumbo alilolitumia lilikuwa hafifu, na haukupita muda mrefu kabla ya mtaalamu mmoja wa kompyuta kutoa bure programu ya kulifumbua. Hata hivyo, baadhi ya wapokeaji walikuwa wamekwisha kufuta kila kitu kwa hofu, wakapoteza kazi ya miaka mingi ambayo ingeweza kuokolewa. Hivyo programu ya kwanza inayojulikana ya kuteka data na kudai fedha ilibisha hodi katika sekta ya afya, ikavaa vazi la elimu ya afya, na sehemu ya hasara iliyoleta ilitokana na mikono ya waathirika wenyewe.

Programu za namna hii, ambazo leo huitwa ransomwea, zimekwisha kuacha kuwa kazi ya mtu mmoja na kuwa biashara yenye mgawanyo wa majukumu. Kundi moja hutengeneza programu, jingine huikodi na kufanya uvamizi, jingine huuza nywila zilizoibwa, na mapato hugawanywa kwa asilimia. Uvamizi wenyewe hauanzi siku kompyuta zinapofungwa. Huanzia kwenye mlango mdogo: kiambatisho cha barua pepe, nywila iliyoibwa, au programu ya zamani ambayo tundu lake halikuzibwa. Wakishaingia, wavamizi hutembea kimyakimya kutoka kompyuta moja hadi nyingine wakitafuta vitu viwili, yaani mamlaka ya msimamizi wa mfumo na mahali zinapohifadhiwa nakala rudufu. Wakizipata nakala hizo huzifuta. Kisha huchota taarifa za wagonjwa na kuzipeleka nje, na mwisho kabisa huyasimba mafaili, maana yake huyageuza kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo walio nao wao. Kikombozi hudaiwa kwa sababu mbili: kutoa ufunguo, na kunyamaza.

Katika vituo vingi vya afya jambo hili huhesabiwa kuwa mali ya kitengo cha TEHAMA. Afisa wa kitengo hicho huachiwa peke yake, bila bajeti ya kutosha, naye hukumbukwa pale tu printa inapogoma. Mtazamo huo una kasoro kubwa. Jenereta ya hospitali, ambayo nayo ni mashine, hujaribiwa mara kwa mara kwa sababu kila mtu anajua kuwa umeme ukikatika katikati ya upasuaji kuna mtu anayeweza kufa. Mfumo wa kompyuta wa hospitali umefikia daraja hilohilo, lakini haujapewa heshima hiyo. Yaliyotokea katika nchi chache katika miaka ya karibuni yanatosha kuonyesha hivyo.

Tarehe 18 Machi 2021, mtumishi mmoja wa huduma za afya za umma nchini Ireland alifungua faili la Excel lililoletwa na barua pepe. Mbele ya macho yake hapakutokea kitu. Tarehe 31 Machi programu ya kukinga virusi iliyokuwa katika kompyuta yake ilizitambua zana mbili zinazotumiwa sana na wavamizi, lakini ilikuwa imepangwa kutazama tu, si kuzuia, na hakuna aliyechukua hatua. Mwezi Mei dalili ziliongezeka katika hospitali kadhaa. Tarehe 13 Mei kampuni iliyotoa programu hiyo ya kinga iliandika kuonya kwamba kuna matukio ambayo hayajashughulikiwa katika mashine zisizopungua kumi na sita. Hatua iliyoombwa ndani ya taasisi ilikuwa ni seva hizo zizimwe na kuwashwa upya. Alfajiri ya siku iliyofuata kundi lililojulikana kwa jina la Conti lilisimba mifumo, na uongozi ukalazimika kuzima mtandao wa afya wa nchi nzima.

Mganga yeyote ataitambua picha hiyo. Ni ugonjwa ambao vimelea vyake vilikaa mwilini wiki nane, homa ndogondogo zikaandikwa kwenye chati, na chati isisomwe na mtu.

Asubuhi ile hospitali ya uzazi ya Rotunda iliyoko Dublin iliwatangazia wajawazito kuwa kliniki zimeahirishwa, isipokuwa kwa wale waliotimiza wiki 36 au zaidi. Picha za mionzi za zamani hazikuweza kuonekana, na picha mpya hazikuweza kutumwa kutoka chumba cha mionzi kwenda wodini. Baadhi ya wagonjwa wa saratani walikatiziwa tiba ya mionzi hadi ilipopangwa njia ya kuwahamishia hospitali binafsi. Watumishi walirudi kwenye kalamu na karatasi, na wengi wao walikuwa vijana ambao hawakuwahi kufanya kazi kwa namna hiyo. Serikali ilikataa kulipa. Siku sita baada ya shambulio, wavamizi wenyewe walitoa ufunguo bila malipo. Jambo ambalo husahaulika mara nyingi ni lile lililofuata: ufunguo ukiwa tayari mkononi, bado ilichukua hadi mwezi Septemba seva zote kufumbuliwa. Wanaodhani kuwa kulipa ni njia ya mkato wangetafakari miezi hiyo minne.

London ilipata somo la aina nyingine. Tarehe 3 Juni 2024 ilishambuliwa Synnovis, kampuni inayotoa huduma za maabara kwa hospitali kubwa za kusini-mashariki mwa jiji hilo, zikiwamo King's College Hospital na Guy's and St Thomas'. Hospitali zenyewe hazikuvamiwa. Vitanda vilikuwapo, madaktari walikuwapo, vyumba vya upasuaji vilikuwa wazi. Kilichokosekana ni majibu ya vipimo. Maabara haikuweza kulinganisha damu ya mgonjwa na damu ya mchangiaji kwa kasi ya kawaida, na palipokuwa na dharura njia salama ilikuwa kumpa mgonjwa damu ya kundi O, ambayo hutumika pale kundi la mgonjwa lisipojulikana. Matumizi yake yakapanda ghafla, na mamlaka ya damu ya Uingereza ikatoa wito kwa wachangiaji wa kundi O wajitokeze. Katika hospitali za mamlaka hizo mbili, miadi zaidi ya 10,000 ya wagonjwa wa nje na operesheni zaidi ya 1,700 ziliahirishwa. Mwaka mmoja baadaye King's College Hospital ilithibitisha kuwa mgonjwa mmoja alifariki ghafla katika kipindi hicho, na kwamba kuchelewa sana kwa jibu la kipimo cha damu, kutokana na shambulio hilo, kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Kifo hicho kinastahili kusomwa kwa uangalifu, bila kutiwa chumvi. Mwaka 2020 nchini Ujerumani, hospitali ya chuo kikuu cha Düsseldorf ilizimiwa mifumo yake, na mgonjwa wa dharura akapelekwa Wuppertal, safari ya kilomita 32 hivi, akafariki. Vyombo vya habari viliandika kuwa huyo ndiye mtu wa kwanza kuuawa na programu ya utekaji. Waendesha mashtaka walipochunguza hawakuweza kuthibitisha kuwa ucheleweshaji ule ndio uliomwua, kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Madhara ya aina hii kwa kawaida huja yakiwa yamechanganyika na mengine: jibu lililochelewa saa kadhaa, mzio ambao haukuonekana kwa kuwa faili halikufunguka, dozi iliyokadiriwa. Hakuna cheti cha kifo kitakachoandikwa neno kompyuta.

Wasomaji wa ukanda huu waitazame tena habari ya damu ya kundi O. Jiji tajiri lenye utaratibu imara wa uchangiaji wa hiari lilitikisika ndani ya siku chache. Mahali ambapo chupa ya damu hupatikana baada ya ndugu kupigiwa simu waje kuchangia, hakuna akiba ya kutumia wakati maabara imefungwa macho. Afrika Kusini nayo ilionja. Tarehe 22 Juni 2024, wiki tatu tu baada ya London, huduma ya taifa ya maabara ya nchi hiyo, ambayo ina maabara zaidi ya 260 na kuhudumia hospitali za umma, ilivamiwa, na wavamizi walifuta sehemu za mfumo pamoja na nakala rudufu. Mashine za kupima ziliendelea kupima. Majibu ndiyo hayakuweza kusafiri kwenda kwa madaktari, na yale ya dharura yalisomwa kwa simu. Kila aliyewahi kupokea namba za potasiamu kwa simu yenye mikwaruzo, huku akiziandika kiganjani, anajua ni njia ya namna gani hiyo.

Husemwa mara kwa mara kuwa hospitali ya wilaya isiyo na fedha haina cha kuibiwa. Hoja hiyo inadhani kuwa mwizi huchagua. Programu iliyoitwa WannaCry, iliyosambaa duniani tarehe 12 Mei 2017, haikumchagua mtu; ilijisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia tundu la Windows ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu mwezi Machi. Nchini Uingereza angalau mamlaka 80 za hospitali kati ya 236 ziliathirika, na miadi inayokadiriwa kufikia 19,000 ilivunjwa, kwa kikombozi cha dola 300 kwa kila kompyuta. Düsseldorf nayo ilivamiwa kwa makosa. Barua ya wavamizi iliandikiwa chuo kikuu, na polisi walipowaeleza kuwa wameifunga hospitali, waliutoa ufunguo. Kompyuta ya zahanati inayotumia Windows ya wizi, isiyopokea masasisho, na inayochomekwa flashi ileile inayotembea kutoka ofisi ya mhasibu hadi duka la kuchapishia nyaraka, haihitaji adui mwenye nia nayo.

Tanzania na jirani zake zinahamisha taarifa za wagonjwa kwenda kwenye kompyuta kwa kasi kubwa, na ni jambo jema. Mfumo kama GoTHOMIS umepunguza mafaili yanayopotea masjala, umeongeza uwazi wa mapato, umerahisisha kazi ya takwimu. Hakuna mtu mwenye busara anayetaka kurudi nyuma. Lakini katika shauku ya kuhama, vitabu vya MTUHA vinatazamwa kama aibu ya zamani, fomu za kuombea vipimo haziagizwi tena, na muuguzi anayeanza kazi leo anaweza kumaliza miaka yake ya mwanzo bila kujaza chati ya dawa kwa mkono. Hapo ndipo penye hatari isiyozungumzwa. Hospitali iliyosahau kufanya kazi bila kompyuta imekwisha kumpa mtekaji nguvu yake yote, hata kabla hajafika, kwa sababu kila saa ya mfumo kuzimika inakuwa saa ya kutotibu. Ile inayoweza kuendelea kwa siku tatu kwa karatasi ina muda wa kufikiri, wa kuita wataalamu, na wa kusema hapana.

Uwezo huo hautengenezwi na afisa TEHAMA. Ni matroni anayejua kama wodini kuna chati za karatasi za kutosha. Ni mkuu wa maabara anayeweza kuamua ni vipimo vipi vitakavyoendelea na vipi vitasubiri, na kwa utaratibu gani jibu la simu litarudiwa kusomwa na aliyelipokea ili kuhakiki. Mfamasia ndiye anayejua kama orodha ya dawa za wagonjwa waliolazwa huchapishwa kila jioni, na daktari wa zamu ndiye atakayelazimika kutibu akiwa na kile tu ambacho mgonjwa anakikumbuka. Kitengo cha TEHAMA kina kazi yake, na ni kubwa, lakini hakiwezi kuifanya hii kwa niaba yao.

Kwa upande wa mashine, mambo ya msingi yanajulikana na si ya anasa. Masasisho ya programu yafanyike yanapotolewa. Nywila peke yake isitoshe kumwingiza mtu kwenye mfumo akiwa nje ya hospitali. Uthibitisho wa hatua mbili uwe sharti, kwa sababu kampuni kubwa ya Marekani ya kushughulikia madai ya bima za afya, Change Healthcare, iliingiliwa mwezi Februari 2024 kupitia mlango ambao haukuwa na uthibitisho huo. Programu ya kinga ikitoa onyo, awepo mtu mwenye jina ambaye kazi yake ni kulisoma. Lililo zito kuliko yote ni nakala rudufu. Nakala iliyounganishwa muda wote na mtandao uleule itafutwa pamoja na nyingine, kama Afrika Kusini ilivyoshuhudia. Angalau moja ikae nje ya mtandao, kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini, ikiwezekana katika jengo jingine. Na ijaribiwe kurejeshwa. Zipo taasisi ambazo kwa miaka zimekuwa zikinakili kwa uaminifu mkubwa, na siku ya kuhitaji zikagundua kuwa zilichokuwa zikinakili ni folda tupu.

Ipo pia habari ya nywila za pamoja, na hapa wahudumu hulaumiwa kuliko wanavyostahili. Karatasi iliyobandikwa pembeni mwa kioo yenye jina la mtumiaji na nywila ni kosa, bila shaka. Lakini wodi yenye kompyuta moja kwa wauguzi kumi, na mfumo unaochukua dakika tatu kumfungulia kila mmoja, ndiyo iliyoibandika karatasi ile. Anayetaka kuiondoa aanze na dakika tatu hizo.

Vivyo hivyo kwa yule aliyefungua kiambatisho. Barua za ulaghai zimekuwa za kitaalamu. Huja zikifanana na waraka wa wizara, matokeo ya usaili, au risiti ya mzabuni. Hata mtu makini, mwisho wa zamu ya usiku, atabonyeza. Swali la maana ni nini atafanya dakika tano baadaye. Akijua kuwa kusema ni kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, atafunga kompyuta na kunyamaza, na zile wiki nane za Ireland zitaanza kuhesabiwa. Akijua kuwa atashukuriwa, atapiga simu. Sekta ya afya ilijifunza jambo hili kwa machungu katika suala la kujichoma sindano: watumishi waliacha kuficha walipohakikishiwa dawa za kinga badala ya karipio. Hakuna sababu ya kujifunza upya.

Ujumbe wa kudai fedha ukitokea kwenye kioo, kompyuta itengwe na mtandao mara moja, kwa kuchomoa waya au kuzima waifai, lakini isizimwe ikiwa kuna njia ya kuitenga, kwani kumbukumbu iliyomo huweza kuwasaidia wachunguzi. Kioo kipigwe picha kwa simu na saa iandikwe. Pasifutwe chochote; makosa ya mwaka 1989 yasirudiwe. Flashi isichomekwe ili kuokoa mafaili. Nchini Tanzania taarifa ipelekwe polisi na kwa kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT. Upo pia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, ambao hutoa bure funguo za baadhi ya programu ambazo fumbo lake limekwisha kuvunjwa.

Kuhusu kulipa, msimamo sahihi ni kutolipa, ingawa anayeusema msimamo huo akiwa hana mgonjwa mahututi mbele yake aseme kwa unyenyekevu. Change Healthcare ilinunua ukimya kwa dola milioni 22. Kundi lililopokea fedha hizo likatoweka bila kumpa mgao mshirika aliyefanya uvamizi, na mshirika huyo, akiwa bado na data mikononi, taarifa hizo zikaibuka tena katika dai jipya. Hatimaye ilitangazwa kuwa watu milioni 190 hivi waliathirika. Fedha zililipwa, siri haikurudi.

Suala la siri ndilo linalomgusa mgonjwa moja kwa moja, pengine kuliko kuahirishwa kwa miadi. Mwaka 2020 nchini Finland, wateja wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo walianza kupokea barua pepe binafsi, mmoja mmoja, zikiwataka walipe yuro 200, la sivyo mazungumzo yao na watabibu yangewekwa hadharani. Kumbukumbu zilizoibwa zilihusu watu 33,000 hivi. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, msichana aliyehudumiwa baada ya ukatili, mwanamume aliyetibiwa ugonjwa wa zinaa bila mkewe kujua: wote hao wana kadi katika mfumo fulani, na wote waliamini kuwa mlango wa chumba cha daktari ulifungwa. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2019, imeitaka taasisi iliyovujishiwa taarifa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Hospitali zinazojaribu kuficha uvamizi ili kulinda jina lake huwanyima wagonjwa nafasi ya kujiandaa, na mgonjwa anayeipata habari yake kwa mtekaji kabla ya kuipata kwa daktari wake hatarudi kliniki. Katika tiba ya UKIMWI au kifua kikuu, kutorudi kliniki kuna gharama inayojulikana.

Mgonjwa mwenyewe si wa kukaa tu na kusubiri. Daftari la matibabu ambalo wengi hulikunja mfukoni, na ambalo vijana wa mifumo hulicheka, ni nakala rudufu isiyoweza kutekwa. Liandikwe majina ya dawa na dozi zake, mzio, kundi la damu, operesheni zilizopita. Majibu ya vipimo yapigwe picha, kadi ya kliniki ya uzazi na ile ya tiba na matunzo visiachwe kituoni. Anayetumia dawa za kila siku ajue jina la dawa yake, si rangi ya kidonge. Na akipokea ujumbe wa kumtisha kwamba siri zake zitatolewa asilipe, asijibu, auhifadhi ujumbe huo na kuupeleka polisi na kituoni kwake.

Kinachobaki ni zoezi. Hospitali itangaze mchana mmoja, mara moja au mbili kwa mwaka, kwamba kwa saa nne idara moja itafanya kazi kana kwamba mifumo imefungwa, kompyuta zikiwa tayari kurudishwa mara moja mgonjwa akihatarika. Mapungufu yatajionyesha mapema: fomu za kuombea damu zilizobaki ni za toleo la zamani, karatasi ya kaboni imekwisha, hakuna anayejua ni nani wa kukimbiza sampuli. Namba za simu nazo zitatafutwa. Nchini Ireland simu nyingi za ndani zilinyamaza pamoja na kompyuta, kwa kuwa zilipita katika mtandao uleule, na barua pepe nazo hazikuwapo. Orodha ya namba za mkononi za maabara, benki ya damu, duka la dawa, chumba cha upasuaji na hospitali ya rufaa ya karibu ichapishwe na kubandikwa ukutani, pale ambapo karatasi ya nywila ilikuwa.